Wakati Hupimwa kwa Mkono: Mwongozo wa Kutengeneza Sinema Bila Kamera

Mtu apigaye picha za sinema kwa kamera hupokea wakati kama ulivyompitia: hufungua jicho la chombo, mtoto hukimbia, mashua hutia nanga, jua hutua, naye akishalifunga jicho hilo hubaki na kipande cha wakati ambacho hakukiumba bali amekidaka. Iko njia nyingine, yenye umri wa miaka mia moja na ushei, ambayo ndani yake kamera haina kazi; fundi huketi mezani na mkanda wa filamu, sindano, kalamu na wino, akachora, akakwangua, akabandika na kuunga juu ya mkanda wenyewe, mpaka kile kitakachoonekana paziani kwa dakika moja kiwe kimepita chote, sehemu kwa sehemu, chini ya vidole vyake. Nimekusudia katika makala haya kukuonyesha njia hiyo, msomaji, toka kuupata mkanda hadi kuutazama, na kwa kuwa fadhila yake kubwa, kwa maoni yangu, si rangi wala nakshi bali ni maarifa inayompa mtu juu ya wakati, nitaanza na wakati.

Sinema tunayoitazama haina mwendo ndani yake. Mkanda una picha zilizotulia, fremu moja baada ya nyingine, na projekta huivuta fremu mbele ya taa, huisimamisha, huifunika nuru, huvuta nyingine, na hivyo hivyo mara 24 katika kila sekunde. Jicho, ambalo halina wepesi wa kuzitenga, huziunganisha likaona mwendo. Ufunikaji huo chombo huufanya mara mbili au tatu kwa kila fremu ili nuru isipepese, na kwa sababu hiyo pazia hukaa gizani kwa sehemu kubwa ya wakati wa maonyesho, aghalabu karibu nusu yake, wala hakuna mtazamaji anayelitambua giza hilo. Mpiga kamera anaweza kumaliza umri wake bila ya kuyatia moyoni mambo haya, maana chombo humsaidia kuyasahau. Lakini achoraye juu ya mkanda hawezi kutia hata nukta moja bila ya kujiuliza itakaa kwa muda gani, itafuatwa na nini, na kati yake na ifuatayo kutakuwa na kimya cha kadiri gani.

Basi jambo la kwanza la kujifunza ni vipimo, na hapa watu wa pwani wana fursa njema, kwa kuwa vipimo vya kale vya nguo vinaukaa mkanda kana kwamba vilikatwa kwa ajili yake. Mkanda wa milimita 16, ambao ndio nitakaokushauri uanze nao, una fremu 40 katika kila futi, na kwa mwendo wa fremu 24 sekunde moja inachukua sentimita 18 na kitu kidogo: ni futuri ya mtu mwenye kiganja kikubwa, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Ukinyosha mikono yako miwili ukaupima mkanda toka ncha hadi ncha, hiyo ni pima moja, futi 6, nayo ina fremu 240, yaani sekunde 10 kamili; pima 6 ni dakika. Mkanda wa milimita 35, ambao ndio uliokuwa wa majumba makubwa ya sinema, una fremu 16 tu katika futi, kwa hiyo sekunde yake ni futi moja na nusu, na huo ndio mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kweli miili haifanani, na pima ya mtu mrefu itamzidi mfupi kwa nusu sekunde au zaidi. Jipime mara moja kwa rula, ujue mwili wako unapunguza au unazidisha kiasi gani, kisha uiweke rula kando. Mtu aliyekwisha kuzoea kuitambua sekunde kwa kiganja chake na sekunde 10 kwa kifua chake hatazami tena saa ya ukutani kwa macho yale ya zamani.

Waliotangulia katika sanaa hii si wengi, lakini ni watu wenye azma. Mwaka 1923, mjini Paris, msanii Man Ray alinyunyiza chumvi na pilipili juu ya vipande vya mkanda ambao haujapigwa nuru, akapanga pini na misumari midogo juu ya vingine, akawasha taa kwa nukta moja, akausafisha mkanda kwa dawa, na vivuli vya vitu vile vikawa sehemu ya filamu yake fupi, Le Retour à la raison. Yeye alihitaji chumba cha giza na madawa. Mtu aliyewafungulia mlango wasio na vitu hivyo ni Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, ambaye mwaka 1935 aliipakia rangi filamu yake A Colour Box moja kwa moja juu ya mkanda unaoonya, yaani unaopitisha nuru, kwa gharama ya Idara ya Posta ya Uingereza, iliyotaka kutangaza nauli za vifurushi na ikapata, pamoja na tangazo lake, dakika chache za rangi zinazocheza kwa muziki wa Kikuba ambazo zinatazamwa hata leo. Baada yake akaja Norman McLaren, Mskoti aliyehamia Kanada mwaka 1941, akafanya kazi katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya huko, na ambaye, kuliko wote, aliichukua kazi hii kuwa elimu yenye kanuni. Nitawarejea wote wawili kila zamu yao itakapofika.

Mkanda utaupata wapi? Upo mpya unaouzwa kwa kazi hii hii, mweusi kabisa au unaoonya kabisa, ule ambao mafundi huuunga mwanzoni na mwishoni mwa filamu ili usipotee mwendo. Lakini huo hutoka mbali na bei yake si ya kila mtu. Njia ya pili ni mikanda ya zamani, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mikanda ya milimita 16 ilienea sana Afrika Mashariki. Jaribio la sinema ya kuelimisha lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, miaka ile ile Lye alipokuwa akipaka rangi zake London, lilipiga filamu zake kwa mkanda huo, na kwa miaka mingi baadaye magari ya sinema yalizunguka vijijini na projekta za namna hiyo, zikatumiwa pia katika shule, misheni na ofisi za habari. Kwa hiyo si ajabu ukalikuta kopo la bati katika stoo ya mtu, ukapewa bure. Usilikwangue. Kwanza lifungue, uutazame mkanda mbele ya dirisha kwa kioo cha kukuzia, umwulize aliyekupa, na ukiona humo nyuso za watu, soko, harusi, mkutano, shamba, au mahali ambapo jina lake unaweza kulitaja, huo si mkanda wako. Huenda ni nakala pekee iliyosalia duniani, na wajibu wako ni kuufikisha kwa watunza nyaraka. Sehemu kubwa ya filamu zile za Vugiri haionekani tena, na hatuna ruhusa ya kuongeza hasara juu ya hasara. Kinachokufaa ni matangazo ya biashara ya kigeni yenye nakala nyingi, vipande vilivyoharibika visivyo na picha inayosomeka, na ile mikia mieusi au myeupe inayoanzia na kumalizia kila filamu.

Uwe na hadhari pia juu ya mambo mawili ya usalama. Mkanda wa milimita 35 uliotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 huenda ukawa wa naitrati, kitu kishikacho moto kwa urahisi wa kutisha na ambacho maji hayakizimi. Usiuguse, usiuweke ndani ya nyumba. Mkanda wa milimita 16 kwa kawaida hauna hatari hiyo, ila ukilifungua kopo ukasikia harufu kali ya siki, ujue umeanza kuoza. Hunywea, ukawa mfupi kuliko meno ya projekta yanavyotaka, na utakatika.

Ukitaka kuugeuza mkanda wa zamani uwe unaoonya, uzamishe katika dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo Kenya watu huiita jiki, ndani ya ndoo ya plastiki, nje au penye hewa, nawe umevaa glavu za mpira. Baada ya dakika chache utando wa picha hulegea ukateleza kama telezi, uufute kwa sponji, uusuuze kwa maji mengi, uuanike kwenye kamba. Dawa hiyo usiichanganye abadan na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Sasa kazi yenyewe. Anza na mweusi, kwa sababu kukwangua kunafunza wakati haraka zaidi kuliko kupaka. Kata pima moja. Mkanda una pande mbili, upande wa plastiki ambao unang'aa na upande wenye utando wa dawa ambao umefifia kidogo. Ukishindwa kuzitofautisha kwa macho, lowesha mdomo wako uuguse mkanda, na upande utakaonata ndio wenye utando. Ubandike mezani kwa tepu ya karatasi, utando juu, kipande cha mkono mmoja kwa mara moja, na ukiweza weka chini yake kioo chenye taa. Tundu la pembeni ndilo mpaka wako: katika milimita 16 kila fremu ina tundu lake moja, na mstari wa kugawa fremu hupita usawa wa tundu, hali katika milimita 35 kila fremu huchukua matundu manne. Chukua sindano uliyoichomeka katika kishikio cha mti, au ncha ya dira ya shule, ushike kwa wepesi. Usikandamize. Ikiwa mkanda ni wa rangi, utando wake una matabaka, na katika mikanda mingi ya maonyesho mguso mwepesi huondoa tabaka la juu tu ukaleta kijani, mguso wa pili huleta manjano, na ukifika chini kabisa kwenye plastiki unapata nuru nyeupe. Kwa hiyo uzito wa mkono wako ni rangi. Ukipita mno unaukata mkanda, na vumbi jeusi linalotoka lifute kila mara kwa brashi laini, maana chembe moja ya vumbi katika pazia ina ukubwa wa ngumi.

Gawa pima yako katika mikono minne. Katika mkono wa kwanza, pitisha mstari mmoja mrefu katikati ya mkanda toka mwanzo hadi mwisho, bila ya kujali fremu. Katika wa pili, tia alama moja ndogo katika kila fremu, kwa kadiri unavyoweza mahali pale pale. Katika wa tatu, hesabu, utie alama katika fremu ya 12, ya 24, ya 36 na kuendelea. Katika wa nne usitie chochote mpaka fremu ya mwisho kabisa, na hiyo uikwangue yote iwe nyeupe. Kila mkono una fremu 60, sawasawa sekunde mbili na nusu, na jicho likishautazama mkanda huu litakuapia kwamba mikono hiyo haina urefu mmoja. Mstari mrefu, ambao mezani ulikuwa umenyoka kadiri ya uwezo wako, utatetemeka na kuyumba kama kitu kilicho hai, kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuupitisha mstari mahali pamoja katika fremu 60, na tofauti ya upana wa unywele hukuzwa ikawa hatua. Alama za kila fremu zitachemka. Alama za kila nusu sekunde zitakuwa mapigo, na kwa mapigo hayo mwili wako utaanza kungojea lijalo. Nayo ile sehemu tupu, ambayo haikukugharimu kazi yoyote, utaiona ndefu kuliko zote tatu, hasa ukiitazama mara ya pili, ukiwa umekwisha kujua kwamba nuru inakuja. Rudia zoezi hili kwa kubadilisha mpango, uweke utupu mwanzoni, uweke mapigo mwishoni, uone jinsi sekunde zile zile zinavyopanuka na kunywea kwa kufuatana na kilichotangulia. Naamini mtu anayefanya zoezi hili kwa bidii amekwisha kuifahamu nusu ya sanaa, hata kama hajui kuchora kuku.

Ukitaka kuona ukwanguaji umefikishwa upeo wake, itafute filamu ya Lye iitwayo Free Radicals, ya mwaka 1958. Ni mikwaruzo myeupe juu ya weusi na si kitu kingine, iliyofanywa kwa sindano na vyombo vya kila namna, na sauti yake ni ngoma za Wabagirmi wa nchi ya Chad. Mistari haifuati ngoma kwa utumwa. Huchelewa, hugeuka, huzunguka kama fimbo mkononi mwa mchezaji, kisha hulikuta pigo pale ambapo hukulitarajia. Mwaka 1979, akiwa mzee wa karibu miaka 80 na mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Lye aliirudia filamu hii, ambayo ilikuwa imekwisha kumpa sifa, akapunguza kiasi cha dakika moja katika dakika 5, ikabaki 4. Mtu aliyebakiwa na wakati mchache alitumia sehemu yake katika kuondoa wakati. Nami sijui ushahidi ulio bora kuliko huo wa jinsi mafundi hawa wanavyoiheshimu sekunde.

McLaren, kwa upande wake, alilifanyia giza lenyewe kazi. Katika Blinkity Blank, iliyopata tuzo ya filamu fupi katika tamasha la Cannes mwaka 1955, aliukwangua mkanda mweusi kwa kisu kidogo, sindano na wembe, na fremu nyingi akaziacha nyeusi kabisa: hutokea mchoro mmoja, labda miwili au mitatu, kisha giza, kisha kishada kingine. Jicho haliachi kitu upesi. Huibakiza alama ya kile kilichopita, na akili huzijaza nafasi za giza kwa mwendo ambao haukuchorwa popote. Jaribu nawe: chora ndege katika fremu mbili, acha 10 tupu, mchore tena mbali kidogo, uone ni nani aliyeruka katika zile 10. Ninakushauri ulijaribu hili kabla ya kuanza kupaka rangi, maana rangi hulewesha, na aliyelewa rangi huogopa kuacha mahali patupu.

Kwa rangi unahitaji mkanda unaoonya. Wino wa maka peni zenye spiriti hushika vizuri juu ya plastiki tupu. Wino mweusi wa kuchorea hushika pia ukiukausha vyema. Rangi za chakula hazishiki plastiki, lakini zikikuta utando uliobaki, katika mkanda ulioung'arisha nusu tu, huuingia zikatulia humo kwa upole wa ajabu. Rangi nzito za mafuta ziache, hukauka kwa siku nyingi, kisha humenyeka ndani ya lango la projekta. Ziko njia mbili za kupaka, na kila moja ina wakati wake. Ya kwanza ni kuziheshimu fremu, ukachora katika kila moja mchoro unaotofautiana kidogo na uliopita. Ya pili ni kuusahau mpaka wa fremu, ukaunyosha mkanda wote mezani na kuupaka kama kitambaa, kwa brashi, kwa sponji, kwa kukandamiza kipande cha lesi juu ya rangi mbichi. Hivi ndivyo walivyofanya McLaren na Evelyn Lambart katika sehemu kubwa ya Begone Dull Care, ya mwaka 1949, wakiufuata muziki wa piano wa Oscar Peterson, hata vumbi lililoangukia rangi mbichi wakalipokea kuwa nakshi. Kwa njia ya pili projekta ndiyo mkataji: huichukua nguo yako moja ndefu ikaipasua vipande 24 kwa sekunde, na mambo yaliyokaa kwa amani mezani, bega kwa bega, hufukuzana paziani.

Kama unadhani kazi hii inafaa kwa dakika mbili tatu tu, mtazame José Antonio Sistiaga, mchoraji wa Kibaski, ambaye alimaliza mwaka 1970 filamu ya dakika 75, kimya kabisa, iliyopakwa yote kwa mkono juu ya mkanda wa milimita 35. Piga hesabu kwa vipimo vyetu: sekunde 4,500, mikono 4,500, fremu 108,000, mkanda unaozidi kilomita mbili. Anayeingia katika kazi ya namna hiyo hawezi kuwa na haraka ya kuona mwisho.

Baada ya kukwangua na kupaka, njia ya tatu ni kubandika vitu. Mwaka 1963 Stan Brakhage, Mmarekani, alikusanya mbawa za nondo waliokufa kwenye taa, majani na maua makavu, akazipanga kati ya tepu mbili zinazoonya zenye upana wa milimita 16, akapeleka kwa mafundi wa maabara wakatoa nakala, na hiyo ndiyo Mothlight. Ubawa ulio mrefu kuliko fremu hukatika mara mbili tatu, na jani refu hupita paziani kwa mishipa yake peke yake, kiasi kwamba mtazamaji huona kwa kufuatana kile ambacho mwenye kukiokota alikiona kwa mara moja. Urefu wa kitu umegeuka kuwa muda wa kitu. Ukifanya hivi chagua vitu vikavu na vyembamba kama karatasi ya sigara, visifikie matundu, na usiupitishe mkanda huo katika projekta mara nyingi; upigie picha upesi, kwa njia nitakayoieleza. Brakhage huyu huyu, katika ugonjwa uliomwua mwaka 2003, alipokuwa hawezi tena kazi nyingine, aliulainisha utando wa mkanda mweusi kwa mate yake akaukwangua kwa kucha. Nakitaja kisa hiki ili msomaji asije akasema hana vyombo.

Iko pia njia ambayo fundi hujitoa, akauachia wakati wenyewe uandike. Mtengeneza sinema David Gatten, mwishoni mwa miaka ya 1990, alitia mkanda mtupu ndani ya mtego wa kaa, mfano wa dema zetu, akautosa katika bahari ya South Carolina. Chumvi, mchanga, miamba na magando ya kaa yakaukwaruza, na projekta iliposoma mikwaruzo ile bahari ikawa imejichorea picha na sauti, katika filamu aliyoiita What the Water Said. Tomonari Nishikawa, Mjapani, alizika mita 30 za mkanda chini ya majani makavu kiasi cha kilomita 25 toka kituo cha nguvu za atomiki cha Fukushima, toka machweo ya tarehe 24 Juni, 2014, hadi macheo ya siku ya pili, kisha akausafisha kwa dawa tuone usiku ule umeacha nini. Katika kazi hizi kuna wakati wa namna mbili juu ya mkanda mmoja, usiku mzima na dakika chache, na mtazamaji huupokea ule mrefu akiwa ndani ya ule mfupi. Wewe unaweza kuuzika mkanda wa zamani usio na thamani katika udongo wenye unyevu kwa wiki kadhaa. Vijidudu huula utando na kuacha mapango ya rangi. Ukitaka bahari, ufunge imara ndani ya dema au kikapu, uweke alama, uutoe wote. Plastiki isibaki majini kwa sababu ya sanaa yako.

Sauti nayo huchorwa. Mkanda wa milimita 16 wenye matundu upande mmoja hubakiza upande wa pili njia nyembamba ambayo jicho la umeme la projekta huisoma, likageuza mwanga na giza kuwa sauti. Chora humo mistari midogo iliyokingama, na kila mstari ni pigo la hewa: ukiipanga kwa nafasi ya milimita moja, inapita 183 hivi kwa sekunde, ukapata mvumo mzito, ukiibana zaidi sauti hupanda, ukiinenepesha huongezeka nguvu. McLaren alifanya hivi kwa kalamu na wino katika Dots na Loops za mwaka 1940. Kumbuka jambo moja linalowachosha wanaoanza: jicho la sauti haliko mahali pa lango la picha, hivyo sauti ya fremu yoyote sharti ichorwe fremu 26 kuelekea kichwani mwa mkanda, karibu sentimita 20, kitu kidogo zaidi ya futuri yako ya sekunde.

Ukimaliza, utazame. Unga vipande kwa tepu ya filamu, tundu juu ya tundu, utie mwanzoni kipande kitupu cha pima moja cha kuingizia chomboni, na kama projekta haina kinga ya joto usiisimamishe katikati, kwa kuwa taa huiyeyusha fremu iliyotulia. Asiye na projekta auweke mkanda juu ya sanduku la mwanga au skrini nyeupe ya kompyuta iliyofunikwa kwa karatasi laini, apige kila fremu kwa simu iliyosimamishwa imara, kisha azipange katika programu ya kuhariri video, fremu 24 kwa sekunde. Ni kazi ya uvumilivu, lakini pima 6 ni fremu 1,440, na asubuhi mbili tatu zinatosha. Projekta nyingi za zamani zina mwendo wa pili, wa fremu 18 kwa sekunde: dakika yako itakuwa sekunde 80, na utashangaa kuona mahali ulipodhani umejaza pameachia nafasi, na mapigo uliyoyapanga kuwa ya ngoma yamekuwa ya mwendo wa mtu atembeaye. Itazame filamu kwa miendo yote miwili kabla ya kuamua umekosa wapi, kisha uandike juu ya kopo, kwa wino usiofutika, urefu wake kwa pima, mwendo unaoupenda, upande wenye utando na tarehe, na ukate pima nyingine.